Melanoma ya puani: kisu kwanza au dawa kwanza?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Baba yetu ana miaka 67, tuko Mombasa. Tangu mwaka jana pua yake ya kushoto imekuwa ikiziba na kutoka damu. Alipewa dawa za mzio, kisha akatolewa nyama za puani, zikarudi. Mara ya pili kinyama kikapelekwa maabara, jibu likaja melanoma, aina ya saratani. Daktari wetu anataka kumpasua mapema. Kaka yangu aliye Muscat anasema asiguswe, siku hizi kuna dawa za kinga zinazotibu melanoma bila kisu, tumpeleke India. Shangazi anasema saratani ikiguswa chuma husambaa. Wengine wanatuambia hii ni kansa ya Wazungu, ya jua. Tumsikilize nani? Baba mwenyewe hajaambiwa.

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, na poleni nyote nyumbani.

Nianze na lile linalowagonganisha. Daktari wenu na kaka yako wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia magonjwa mawili yenye jina moja. Kaka yako amesoma habari za melanoma ya ngozi, na aliyoyasoma ni kweli: ni miongoni mwa maendeleo makubwa kabisa ya tiba ya saratani katika zama zetu. Baba yenu ana melanoma ya utando laini, ule uliotanda ndani ya pua na kinywa. Dawa ni zilezile, lakini ugonjwa huu hauziitikii kwa kiwango kilekile, na kwa hiyo nafasi ya kisu nayo si ileile. Mkiishika tofauti hii, mtaweza kuupima wenyewe ushauri mwingi mtakaopewa.

Hili la kansa ya Wazungu. Melanoma huanzia katika seli zinazotengeneza rangi ya mwili, na kila binadamu anazo, kwenye ngozi, kwenye jicho, na hata ndani ya pua ambako mwanga haufiki. Kwa watu weupe jua ndilo mchokozi mkuu, na ndiyo maana kichwa na shingo, ambavyo havifikii sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mwili, hubeba karibu melanoma moja kati ya kila tano za ngozi. Sisi weusi rangi yetu hutukinga sana na jua. Haitukingi pale ambapo jua si kisababishi: nyayoni, chini ya kucha, kinywani, puani. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaumiza kuliko sote, saratani zao nyingi za uso na kichwa ni za aina nyingine za ngozi. Melanoma kwao ni nadra.

Miongoni mwa watu weupe, melanoma za utando laini ni kama moja tu kati ya mia. China ni karibu moja kati ya tano, kwa kuwa zile za jua huko ni chache. Takriban nusu ya melanoma za utando laini hutokea kichwani na shingoni, zaidi puani na kwenye sainasi, yaani mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, kisha kinywani, hasa kwenye kaakaa na ufizi wa juu. Kwa hiyo mzee wenu hakupatwa kwa sababu ya kukaa juani, wala hakuna alichofanya cha kumlaumu. Nasema hivi kwa sababu najua watu wataanza kuhesabu makosa yake.

Hapa nina neno kwa madaktari wenzangu na kwa kila anayesoma. Mzio huziba pua zote mbili. Nyama za puani za kawaida mara nyingi huwa pande zote mbili pia. Pua ya mtu mzima inayoziba upande mmoja tu na kutoka damu upande huohuo haipaswi kutibiwa kwa matone ya pua mwezi baada ya mwezi. Inahitaji kuchunguzwa kwa kamera. Na kila kinyama kinachotolewa puani, hata kionekane cha kawaida vipi, kipelekwe maabara siku ya kwanza. Baba yenu alistahili jibu lake tangu mara ile ya kwanza.

Sasa jibu mnalo, na kazi ya kwanza ni kulithibitisha. Melanoma hudanganya hata chini ya hadubini. Baadhi hujaa rangi nyeusi kiasi kwamba mtaalamu wa patholojia haoni umbo la seli mpaka kipande kifutwe rangi kwa dawa. Nyingine, na puani hizi si chache, hazina rangi hata kidogo: ni seli ndogo za mviringo zilizobanana, na mtu anaweza kuziita limfoma au saratani nyingine ya puani. Ndiyo maana hupimwa kwa vitambulishi maalumu, S100, SOX10, HMB-45 na Melan-A, ambavyo hushika seli za melanoma na kuzigeuza kahawia au nyekundu chini ya hadubini. Angalieni karatasi ya majibu ya baba: je, majina hayo yapo? Kama hayapo, ombeni kipimo kirudiwe. Pia maabara ilikigandisha kinyama ndani ya kijibonge cha nta, kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini, nacho kina namba ya mgonjwa. Hicho ni mali kubwa. Ulizeni kilipo na mkitunze, kwa sababu vipimo vyote vya jeni vitatoka humo, na popote mtakapokwenda, Nairobi au India, mtaulizwa.

Kisha apimwe mwili mzima kabla ya mtu yeyote kushika kisu. Picha ya CT na ya MRI za uso zionyeshe uvimbe umefika wapi: umeshikana na jicho? Umegusa sakafu ya fuvu? MRI ya ubongo, na CT ya kifua na tumbo, au PET, picha ya mwili mzima ambayo siku hizi inafanyika Nairobi. Daktari aangalie pia nyayo, kucha, ngozi ya kichwa na macho, kwa sababu mara chache melanoma iliyoko puani huwa imetoka kwingine. Mtakapopewa ripoti, msitishwe na herufi T yenye namba kubwa. Katika mpangilio wa kimataifa wa hatua za ugonjwa huu hakuna T1 wala T2. Hata uvimbe mdogo wa puani huandikwa T3, kwa kuwa tabia yake ni kali tangu mwanzo. T3 hapa haimaanishi kwamba umekwisha kusambaa.

Ikiwa picha zitaonyesha uvimbe uko puani tu na unaweza kutolewa wote, basi daktari wenu yuko sahihi: upasuaji ndio nguzo ya tiba. Shangazi namheshimu, na hofu yake ina chanzo. Watu wameona wagonjwa waliopasuliwa na kuzidiwa baada ya muda mfupi. Lakini mara nyingi wagonjwa hao walipelekwa wakiwa wamechelewa, au walitolewa uvimbe vipandevipande bila mpango, mizizi ikabaki. Upasuaji uliopangwa vizuri hausambazi melanoma, ila ule wa nusunusu huacha ugonjwa nyuma, na kila operesheni ya kurudia ni ngumu kuliko iliyotangulia. Baba ameshaguswa mara mbili bila mpango. Ya tatu iwe ndiyo yenyewe.

Ugumu wa puani ni nafasi. Melanoma ya mguuni hukatwa kama embe lililooza upande: unachukua pabovu pamoja na nyama nzuri ya pembeni, sentimita moja au mbili kulingana na unene wa uvimbe. Puani, sentimita moja pembeni ni jicho, na sentimita moja juu ni ubongo. Zamani tulipasua uso kando ya pua ili tufike. Sasa, kwa wagonjwa wengi waliochaguliwa vizuri, tunaingia kwa endoskopi, mrija wa milimita 4 wenye kamera, kupitia tundu la pua lenyewe. Tunaona pango zima kwenye skrini, tunatafuta mahali hasa uvimbe uliposhika, tunautoa pamoja na utando na mfupa uliokaa chini yake, kisha tunachukua vipande vya pembeni kuzunguka shimo lote ili maabara itwambie kama bado kuna seli mbaya. Matokeo ya njia hii hayajaonekana kuwa duni kuliko ya kupasua uso, na mgonjwa hupona upesi zaidi, bila kovu. Inataka mpasuaji wa pua aliyezoea kazi za sakafu ya fuvu. Muulizeni daktari wenu kwa adabu: hizi umefanya ngapi? Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo. Tezi za limfu za shingoni hazikatwi kwa tahadhari tu kama picha zinaonyesha ni safi na uvimbe uko puani. Kwa melanoma ya kinywa tunakuwa wepesi zaidi kuzitoa, maana huko hukimbilia shingoni mapema.

Baada ya upasuaji, mionzi. Hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi palepale puani, na puani kurudi ndiko kunakotesa: damu, maumivu, jicho kusukumwa nje. Haijaonyeshwa kurefusha maisha yenyewe. Mimi huwashauri wengi waipate, kwa mashine za kisasa zinazoweza kukwepa mshipa wa fahamu wa jicho.

Sasa dawa za kaka yako. Mpaka mwaka 2011, melanoma iliyosambaa ilitibiwa kwa dacarbazine, dawa ya tangu miaka ya 1970, na wagonjwa wengi hawakumaliza mwaka. Kisha ikaja ipilimumab mwaka 2011, pembrolizumab na nivolumab mwaka 2014. Hizi haziui saratani zenyewe. Seli zetu za kinga zina protini juu yake, CTLA-4 na PD-1, ambazo zikishikwa huzituliza seli hizo, na saratani hutumia mlango huohuo kuzinyamazisha. Dawa huziba mlango, seli za kinga zikaamka. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jambo hili. Katika utafiti mkubwa wa kuunganisha ipilimumab na nivolumab, uliotoa majibu ya miaka 10 mwaka 2024, asilimia 43 ya wagonjwa waliopewa mchanganyiko huo walikuwa hai baada ya miaka kumi. Sisi tuliosomea udaktari enzi za dacarbazine tunaisoma takwimu hiyo kwa shukrani.

Lakini msomeeni kaka na takwimu hii. Mwaka 2017 watafiti waliwakusanya wagonjwa wa melanoma ya utando laini kutoka tafiti kadhaa na kuwalinganisha na wale wa ngozi. Kwa nivolumab peke yake, uvimbe ulipungua kwa kiwango cha kuhesabika kwa asilimia 41 ya wagonjwa wa ngozi, na kwa asilimia 23 ya wale wa utando laini. Kwa mchanganyiko na ipilimumab ilikuwa 60 dhidi ya 37. Sababu mojawapo ni kwamba jua huiharibu jeni ya melanoma ya ngozi mahali pengi sana, na uharibifu huo ndio unaoifanya itambulike kirahisi na kinga ya mwili. Ya puani haina alama nyingi hivyo. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja kuitikia mchanganyiko si jambo dogo kwa ugonjwa ambao zamani waliofika miaka mitano walikuwa kama robo hivi. Basi dawa zina nafasi. Tatizo liko katika kuzitegemea peke yake wakati uvimbe bado unaweza kutolewa.

Kuna vidonge pia. Karibu nusu ya melanoma za ngozi zina badiliko la jeni ya BRAF, na kwao dabrafenib pamoja na trametinib hupunguza uvimbe haraka. Puani badiliko hilo ni nadra, chini ya mmoja kati ya kumi. Jeni ya KIT hubadilika mara nyingi zaidi huku kuliko kwenye ngozi, na baadhi ya wagonjwa hao husaidiwa na imatinib, kidonge kilichozoeleka kwa kansa nyingine na kinachopatikana kwa urahisi zaidi. Pimeni jeni zote mbili kutoka kwenye kile kijibonge cha nta. Msiuziwe vidonge vya BRAF bila jibu la maabara mkononi.

Nimefika kwenye kiini cha swali lako, maana hapa ndipo mambo yamegeuka hivi karibuni. Tulizoea kukata kwanza, kisha kutoa dawa. Mwaka 2023 yalichapishwa majibu ya utafiti wa Marekani, S1801, uliogawa wagonjwa wenye melanoma iliyofika kwenye tezi: wengine wakakatwa kwanza ndipo wakapewa pembrolizumab, wengine wakapewa dozi tatu za dawa hiyohiyo kabla ya kisu na zilizobaki baadaye. Miaka miwili ikapita. Waliotangulizwa dawa, asilimia 72 hawakuwa wamepatwa na ugonjwa kurudi wala kuendelea. Waliotangulizwa kisu, asilimia 49. Mwaka 2024 ukafuata NADINA, ulioongozwa kutoka Uholanzi, wenye dozi mbili tu za ipilimumab na nivolumab kabla ya kisu: baada ya mwaka mmoja, asilimia 83.7 dhidi ya 57.2. Sababu inayoaminika ni kwamba uvimbe unapokuwa bado mwilini, seli za kinga zilizoamshwa zina mahali pa kuujifunza adui kabla hajaondolewa. Na mpasuaji anapata kitu cha thamani: anauona uvimbe uliotolewa na kujua kama dawa ilifanya kazi. Kwenye NADINA, waliokuwa wamebakiwa na seli chache sana hawakuhitaji dawa zaidi.

Je, baba atangulizwe dawa? Matokeo hayo yamejengwa juu ya melanoma ya ngozi iliyofika kwenye tezi, na kwa melanoma ya puani uthibitisho wa namna hiyo haujapatikana. Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Uvimbe ukiwa mdogo na unatoka wote, apasuliwe bila kuchelewa. Ukiwa umeshika ukingo wa jicho au sakafu ya fuvu, au tezi za shingo zimevimba, basi wazo la kaka lina uzito, na dozi chache za dawa kabla ya kisu zijadiliwe kwa dhati, huku picha zikirudiwa baada ya wiki chache ili muda usipotee kama uvimbe hauitikii. Ukiwa umeshasambaa mapafuni au kwenye ini, operesheni kubwa ya uso itamtesa bure, na dawa ndiyo njia. Mnaona basi kwamba swali la kisu au dawa linajibiwa na picha ambazo bado hazijapigwa.

Kwa wasomaji wenye melanoma ya ngozi ya kichwa au uso, habari ni njema zaidi. Zamani tezi moja ikikutwa na seli za saratani tulizoa tezi zote za shingo na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ambamo hupita mshipa wa fahamu wa uso, na wapo waliotoka na mdomo uliopinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kuzoa hivyo tezi zote hakuongezi maisha kwa wagonjwa hao. Kufuatilia kwa altrasaundi kunatosha. Na wasusi na vinyozi: doa jipya kichwani linalokua, kubadilika rangi au kutoka damu, mwambieni mteja. Yeye hana namna ya kuliona.

Dawa hizi zina ukali wake, tofauti na kemo. Nywele hubaki, lakini kinga iliyoamshwa inaweza kuugeukia mwili: utumbo, ini, mapafu, tezi ya shingo inayotoa homoni, hata tezi iliyo chini ya ubongo. Kwa mchanganyiko wa dawa mbili, zaidi ya nusu ya wagonjwa katika utafiti ule mkubwa walipata madhara makali. Mengi hutulia kwa steroidi, dawa za kuituliza kinga, zikianzwa mapema. Hatari kwetu ni kudhani ni maradhi ya kawaida. Baba akianza dawa hizi kisha akaharisha mara nne au tano kwa siku, msimpe maji ya chumvi na sukari mkasubiri. Akikohoa na kuishiwa pumzi, msinunue antibiotiki dukani. Mpigieni daktari wake siku hiyohiyo. Kabla ya kuanza apimwe TB, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Kuwa navyo hakumnyimi tiba, ila kunabadilisha maandalizi.

India si kosa, lakini isiwe hatua ya kwanza. Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa ajili ya melanoma hasa, na Nairobi zinatolewa. Kinachotesa familia ni bei: dozi hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, pengine kwa mwaka mzima, na malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, yana kikomo. Pigeni hesabu ya dozi zote kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya dozi mbili. Huko India mnaweza pia kuambiwa kuhusu nivolumab ya dozi ndogo sana, miligramu 20, ambayo ni nafuu mno. Utafiti wa Mumbai wa mwaka 2023 uliipa sifa kubwa, nami naushangilia, ila ulikuwa wa saratani nyingine ya kichwa na shingo, tena pamoja na kemo ya vidonge. Kwa melanoma haujathibitisha kitu. Mkipewa, ulizeni inatolewa kwa msingi gani.

Wiki hii, basi: karatasi ya patholojia na kijibonge cha nta viwe mikononi mwenu, picha zipigwe, na muombe kikao kimoja ambamo mpasuaji wa pua, daktari wa mionzi na daktari wa dawa za saratani wanakaa pamoja juu ya faili la baba. Wakishatibu, ataangaliwa kwa kamera kila miezi miwili au mitatu mwanzoni, na kupigwa picha za mwili mara kwa mara kwa miaka kadhaa, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kurudi hata baada ya kimya kirefu.

Na baba aambiwe kabla ya kikao hicho. Najua mnamficha kwa mapenzi. Lakini atatakiwa kutia saini, atatakiwa aseme anapoharisha au kukohoa, na huenda akawa na maoni yake kuhusu safari ya India na kuhusu shamba lake. Mwambieni jioni akiwa ametulia, aliye karibu naye zaidi ndiye aseme, na mumwachie aulize anachotaka yeye kuuliza. Maswali yake yaandikeni, myalete kikaoni yakiwa ya kwanza.